Mbuzi, Kanji na Mkoba wa Bibi Harusi

Nyumba ya Bi Shariffa iko Mtambile, karibu na barabara. Nyumba hiyo huamka kwa sauti ya cherehani. Zamani iliamshwa na jogoo. Lakini jogoo alisikia cherehani inamtangulia kila siku, akaona haya, akastaafu. Siku hizi hulala mpaka wakati wa chai.

Bi Shariffa hushona kofia za viua. Hizi ni kofia nyeupe za mkono, zenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, marehemu Bi Bimkubwa. Kofia ikimalizika hufuliwa. Kisha hutiwa kanji ya unga wa muhogo, ikavikwa juu ya bakuli ikauke. Ikikauka, husimama kama ukuta.

Kofia za Bi Bimkubwa zilikuwa na sifa zake. Mzee mmoja aliteleza juu ya mkarafuu, akaangukia lundo la majani. Yeye alifika chini salama. Kofia yake ilibaki kulekule juu, imesimama hewani, inamsubiri apande tena. Walioona wapo. Waulize.

Mwaka wa kisa hiki ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Vijana wa kila chama walibandika mabango ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo. Mtambile ilikuwa na baraza mbili za kahawa. Baraza ya juu ilikuwa ya chama kimoja. Baraza ya chini ilikuwa ya chama kingine. Watu wa juu hawakunywa kahawa ya chini. Watu wa chini hawakuitikia hata chafya ya watu wa juu.

Asiye na chama alikuwa mmoja tu, mbuzi wa Mzee Kificho. Mbuzi huyo aliitwa Meneja. Meneja alikula mabango ya vyama vyote, bila upendeleo. Alianza na gundi, akamalizia na mgombea.

Mkumbuke Meneja. Atarudi.

Katika mwaka huo, mdogo wake Bi Shariffa alichumbiwa. Jina lake Raniya. Mchumba alikuwa Muadh, kijana wa Gombani. Siku zilipokaribia, Raniya alimfuata dada yake penye cherehani.

"Dada, lile bafta la mama liko wapi?"

"Lipo sandukuni. Walitakia nini?"

"Nalitaka liwe langu."

Bi Shariffa aliacha kushona. Bafta hilo, kitambaa cheupe cha pamba, lilikuwa kazi ya mwisho ya mama yao. Bi Bimkubwa alianza kulitoboa viua Raniya akiwa mtoto, meno ya mbele hayajaota. Alisema anamshonea mkwe kofia. Watu wakamcheka. "Mkwe gani, Bi Bimkubwa? Mtoto huyu bado ana mapengo!" Naye akajibu, "Mkwe atakuja tu. Na kichwa atakuwa nacho."

Lakini alifariki kofia haijatimia. Hakuna aliyethubutu kuimalizia, kwa sababu mkono wa Bi Bimkubwa haukuwa na pacha.

"Halitoshi kofia hilo," alisema Bi Shariffa kwa upole.

"Najua. Nishonee mkoba. Siku nitakapotolewa mbele ya wanawake, niushike mkononi. Watu waone kuwa mama naye amekuja harusini."

Bi Shariffa alimkumbatia mdogo wake. "Umepata! Wallahi umepata!"

Furaha yao haijapoa, hodi ikabishwa. Aliingia Bi Kazija, shangazi wa Muadh. Bi Kazija ni mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Akicheka Gombani, watu wa Mtambile hugeuka kutazama nani amewaita. Alileta nguo za bibi harusi, kwa sababu kwa desturi nguo za siku ile hutoka upande wa bwana harusi. Alileta pia mkoba wa dukani. Uling'aa mpaka paka alifumba macho.

"Bi Kazija," alisema Bi Shariffa, "mkoba tunao wetu. Nitaushona kwa bafta la marehemu mama."

Bi Kazija alilishika lile bafta kwa vidole viwili. Lilining'inia.

"Kazi nzuri," alisema. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini hiki ni kitambaa, mwanangu. Mkoba wa kitambaa hulala kama paka adhuhuri. Bibi harusi wa kwetu akae mbele ya watu na kitu kimelala mapajani?"

"Hautalala. Utasimama wenyewe."

"Utasimama?"

"Kama kofia."

Bi Kazija alicheka. Huko Gombani wakajua amefika salama.

"Haya! Siku ya shughuli tuuweke juu ya meza, mbele ya wote. Ukisimama, bibi harusi atashika wako. Ukilala, atashika wangu. Umekubali?"

"Nimekubali."

 Raniya alilikunja lile bafta polepole, akaliweka kifuani.

Bi Shariffa hakupoteza muda. Alikata bafta, akashona mkoba mdogo wa mraba, akautia mishikio. Hakuhitaji kuuliza mtu jinsi ya kuusimamisha. Watu wa kofia wanajua dawa moja tu, kanji. Alipika kanji nzito. Ilikuwa nzito hata mwiko ulisimama sufuriani na kukataa kutoka. Aliuchovya mkoba, akauvika juu ya kopo la mraba la biskuti, akauweka juani.

Ulipokauka, akalitoa kopo. Mkoba ukasimama!

"Raniya! Njoo! Suud! Njoo utazame!"

Mumewe, Bwana Suud, alitoka akiwa na kikombe cha chai. Aliugonga mkoba kwa ukucha. Ukalia ko, ko, ko.

"Huu si mkoba," alisema. "Hii ni nyumba. Tunaweza kuhamia."

Raniya alipiga vigelegele. Waliuweka juu ya ukuta mfupi wa uwani, wakaingia ndani kutafuta zipu.

Waliposikia kwato, walikuwa wamechelewa. Meneja alikuwa ameshauramba mkoba upande mmoja. Aliijua ladha ile. Ilikuwa ya mabango, lakini hii ilipikwa na mtu mwenye adabu. Raniya alipiga kelele. Meneja akaung'ata mkoba kwa mshikio, akaruka ukuta.

"Mbuzi! Mbuzi na mkoba wa mama!"

Meneja alipita mbele ya baraza ya juu. Wazee wakaacha vikombe, wakamfuata. Alikata kona, akapita baraza ya chini. Wazee wa chini nao wakainuka. Aliruka jamvi la karafuu bila kugusa hata punje moja. Mzee Kificho alikimbia nyuma yake, akimwita kwa majina ya mapenzi na ya matusi kwa pamoja. Inasemekana mbio zile zilikuwa kali hata kivuli cha Meneja kilibaki nyuma, kikauliza njia.

Mwishowe watu wa juu walimzuia mbele, na watu wa chini wakamzuia nyuma. Meneja akasimama katikati. Alikuwa anatafuna.

Bi Shariffa aliuchukua mkoba. Mshikio mmoja haukuwapo tena. Bafta lenyewe halikutoboka, Alhamdulillahi. Lakini mate ya mbuzi yalikuwa yameilainisha kanji yote. Mkoba ulimlalia mkononi kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Raniya aliupokea, akalia. Bi Shariffa alitaka kumnyamazisha, akajikuta naye analia.

"Mate tu yameuangusha," alisema. "Seuze jasho la siku ya harusi. Seuze mvua."

Aliufua mkoba kwa maji safi mpaka kanji ikatoka yote. Akafumua mishono, akalianika bafta ndani ya chumba na kufunga mlango kwa ufunguo.

Kesho yake Bi Shariffa alipata wazo jipya. Aliwahi kuona mkoba wa dukani uliochanika pembeni. Ndani yake mlikuwa na sponji.

"Sponji!" alisema peke yake. "Sponji tunalo!"

Safari hii hakuligusa bafta la mama. Alichukua kanga kuukuu ya kujaribia. Kisha aliingia chumbani, akageuza godoro, akakata kipande katikati kwa kisu cha jikoni. Akatandika shuka vizuri. Hakumwambia mtu.

Adhuhuri Bwana Suud alirudi kutoka kazini. Alijitupa kitandani apumzike. Kichwa kilibaki juu. Miguu ilibaki juu. Kiuno kilishuka.

"Shariffaaa! Godoro limenimeza!"

"Vumilia, mume wangu! Ni kwa ajili ya harusi!"

Bi Shariffa hakuweza kwenda kumtoa. Alikuwa anapigana na cherehani. Sponji la godoro lilikuwa nene kama mkate wa boflo. Lilikataa kupita chini ya mguu wa cherehani. Alilisukuma. Uzi ukaruka. Alilivuta. Kanga ikajikunja. Alikanyaga kwa nguvu. Tak! Sindano ikakatika, kipande kikarukia ukutani.

"Hodi hapa!" Sauti ilitoka mlangoni. "Mnashona au mnapigana vita?"

Alikuwa Bi Modester, jirani yao. Bi Modester na mumewe Agustino wanatoka Bukoba. Wana karakana pale barabarani. Hushona viti vya magari na kubadilisha vitambaa vya dari za magari. Bi Modester husema Kiswahili cha bara. Lakini amekaa Mtambile kwa muda mrefu, na akikasirika hukasirika Kipemba.

"Karibu, Bi Modester," alisema Bi Shariffa. Alijaribu kuficha kazi yake nyuma ya mgongo. Haikufichika. Ilikuwa kubwa kuliko mgongo.

"Hebu nione, jirani. Huu ni mto wa kulalia?"

"Ni mkoba."

Bi Modester alijitahidi asicheke. Alijitahidi sana. Machozi yalimtoka. Lakini alipomwona Raniya ameinama pembeni na bafta mapajani, kicheko kilimwisha. Alivuta kigoda, akaketi.

"Nielezeni yote."

Wakamweleza. Mama, mkwe, Bi Kazija, kanji, mbuzi, godoro. Bwana Suud aliongezea sehemu ya godoro kutoka chumbani.

"Tuanze na kanji," alisema Bi Modester. "Kofia mnaitia kanji mara ngapi?"

"Kila inapofuliwa," alijibu Bi Shariffa.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu maji huitoa."

"Basi. Kofia hukaa kichwani, haina mzigo. Ikilegea, unaifua na kuitia kanji upya. Mkoba hubeba vitu, hushikwa kwa mikono yenye jasho, hubanwa. Ukiukunja, kanji huvunjika. Ukilowa, huanguka. Mkoba unataka kitu ambacho ukikibonyeza kinarudi chenyewe."

"Ndiyo nikaweka sponji!"

"Wazo ni sahihi, jirani. Sponji ndilo silo. Ngoja."

Alitoka mbio. Alirudi na kifurushi, akatandaza vipande vitatu mkekani.

"Raniya, shika hiki."

Raniya alikishika. Kilikuwa cha rangi ya manjano. Alikisugua kwa kidole, kikatoa unga.

"Kinapukutika."

"Hilo ni sponji kuukuu, limekwisha. Ukilishonea, baada ya muda mfupi mkoba utajaa vumbi. Lisugue kwanza. Likipukutika, liache. Shika hiki cha pili."

Kipande cha pili kilikuwa kizito na kinene. Wote walikitambua. Kilikuwa ndugu wa godoro.

"Hiki ni cha kukalia," alisema Bi Shariffa, na safari hii alicheka mwenyewe.

"Sasa hiki cha tatu. Kibonyeze. Kiachie."

Kipande cha tatu kilikuwa chembamba kama chapati. Upande mmoja kilikuwa na kitambaa laini kilichogandishwa. Raniya alikibonyeza, akakiachia. Kikainuka papo hapo. Alikikunja mara mbili, akakiachia. Kikanyooka.

"Kinarudi!" alisema. Macho yalimng'aa. "Dada, kinarudi!"

"Hili ni sponji la dari la gari," alieleza Bi Modester. "Ukipanda gari, tazama juu. Nyuma ya kile kitambaa kuna sponji kama hili. Ni jembamba, hivyo linapita kwenye cherehani. Lina kitambaa, hivyo halichaniki kwenye mshono. Yapo yenye kitambaa pande zote mbili, na hayo ni mazuri zaidi. La kwetu lina upande mmoja. Upande mtupu tutaugeuzia kwenye bafta. Upande wenye kitambaa utakaa chini, kwenye cherehani. Sponji tupu lisiguse chuma, maana hung'ang'ania."

Bi Shariffa aliweka bafta juu ya lile sponji. Mara uso wake ukakunjamana. Sponji lilikuwa la kijivu. Kila kitobo cha viua kilionesha kijivu. Kazi ya Bi Bimkubwa ilionekana kama imemwagiwa majivu.

 Hata Bi Modester alikuna kichwa.

"Sisi huwa hatushonei vitambaa vyenye matundu," alikiri.

Raniya aliinuka ghafla. Alikwenda kwenye furushi la nguo za harusi. Akarudi na kipande cha satini ya kijani kilichobaki baada ya kupunguza gauni lake. Alikiweka katikati, chini ya bafta na juu ya sponji.

Lo! Kila kitobo kiliwaka. Maua ya mama yakawa kama yamewashiwa taa kwa nyuma.

"Mtoto wa Bi Bimkubwa huyu!" Bi Shariffa alipiga makofi. "Halisi!"

"Sasa tuanze kazi," alisema Bi Modester. "Kwanza kwenye kanga. Mkono ujifunze kabla ya bafta."

Walikata sponji kubwa kidogo kuliko kitambaa. Bi Shariffa alishangaa.

"Kwa nini kubwa?"

"Ukishonea kitambaa kwenye sponji, vyote hujivuta na kupungua. Ukikata sawasawa, utakuja kukuta pengo. Kata kubwa, shona, kisha punguza."

Bi Shariffa alitaka kubana kwa pini. Bi Modester alimshika mkono.

"Pini hupinda, na huacha alama. Una vibanio vya kuanikia nguo?"

Raniya alikimbilia kamba ya nguo. Alichukua vibanio vyote. Shati la Bwana Suud lilianguka mchangani. Hakuna aliyejali.

Walibana pembeni kwa vibanio. Kisha wakapiga bandi, yaani mshono mrefu wa mkono wa kushikiza tu, kuzunguka ukingo wote. Bi Modester alitia sindano ya namba kumi na sita, ile ya kushonea jinzi. Akalegeza kidogo skrubu ya juu ya mguu wa cherehani, ili mguu usikandamize sana. Akaongeza urefu wa mshono.

"Mshono mfupi huchanachana sponji kama stempu. Mshono mrefu hulishika bila kuliumiza. Na usikimbize. Cherehani ikienda polepole, matabaka yanakwenda pamoja. Ukikimbia, la juu hubaki nyuma."

"Kama wazee nyuma ya Meneja," alisema Raniya.

Bi Shariffa alishona. Cherehani ilinguruma kwa raha. Uzi haukuruka. Alishona mistari michache katikati ili sponji na kanga vishikane. Alipomaliza aliruka kitini. Kwa furaha alikwenda kuichukua pasi ya mkaa, aupige pasi mshono.

"Pasi hapana!" Bi Modester alipiga ukelele, tena wa Kipemba kabisa.

Alichelewa. Pasi ilitua. Ilipoinuka, sehemu ile ilikuwa bapa na ngumu. Haikurudi tena.

"Joto huliua sponji," alisema Bi Modester. "Piga pasi kitambaa kabla ya kukiweka juu ya sponji. Baada ya hapo, nyoosha kwa vidole. Ikilazimu, weka kitambaa chenye unyevu juu yake, tumia pasi ya vuguvugu, gusa na uinue. Usikandamize."

"Afadhali nimeua kanga," alisema Bi Shariffa, akishusha pumzi.

Waliendelea. Wakaunganisha pande mbili za mkoba wa kanga. Mshono ulipomalizika, Bi Modester alichukua mkasi mdogo. Alilipunguza sponji lililobaki nje ya mshono, karibu kabisa na uzi, bila kukata kanga.

"Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaacha sponji ndani ya mshono. Ukigeuza mkoba, ukingo unakuwa mnene kama mkia wa kondoo. Litoe hapo. Kwenye pembe pia punguza kitambaa. Na mahali pa zipu usiweke sponji."

Mkoba wa kanga uligeuzwa. Ulisimama. Ulikuwa na kovu la pasi, lakini ulisimama.

"Haya," alisema Bi Modester. Alirudisha mikono mapajani. "Sasa la mama. Mimi sigusi. Shona wewe."

Bi Shariffa alinawa mikono. Akasema Bismillahi. Alipiga pasi bafta peke yake, na satini peke yake. Akaweka sponji, satini juu yake, na bafta juu kabisa. Akabana, akapiga bandi. Kisha akashona polepole kuzunguka maua, asipite juu ya kitobo hata kimoja. Raniya alizuia pumzi. Bwana Suud alitoka chumbani kutazama, akasahau kulalamika.

Mshikio ulioliwa na Meneja ulibadilishwa kwa satini. Bitana, kitambaa cha ndani, ilishonwa kwa kanga kuukuu ya Bi Bimkubwa. Waliacha uwazi kwenye bitana, wakaugeuza mkoba kupitia hapo, kisha wakauziba uwazi kwa mkono.

Bi Shariffa aliuweka mkoba mezani. Akaondoa mikono.

Ulisimama. Ulikuwa laini na mwepesi, haukulia ko ko kama nyumba. Raniya aliubonyeza, akauachia. Ukarudi. Aliubonyeza tena. Ukarudi tena. Wakaanza kuubonyeza kwa zamu, wanacheka kama watoto, mpaka Bwana Suud akasema watauchosha kabla ya harusi.

"Tuupeleke kwa hakimu," alisema Raniya.

Walimpelekea Meneja. Raniya aliushika mkoba kwa nguvu, akausogeza puani kwake. Meneja alinusa juu. Akanusa chini. Akapiga chafya, akageuka kwenda zake kwenye mabango. Hapakuwa na kanji.

Siku ya harusi wanawake walijaa. Harufu ya udi ilifika barabarani, na madereva walipunguza mwendo ili wanuse. Raniya alitolewa amevaa gauni la kijani. Meza iliwekwa katikati. Bi Kazija alisimama na mkoba wake wa dukani, na Bi Shariffa akasimama na wake.

"Weka tuone," alisema Bi Kazija.

Bi Shariffa aliweka. Mkoba ukasimama. Minong'ono ikapita. "Viua vya Bi Bimkubwa! Tazama vinavyowaka!"

Lakini Bi Kazija hakuwa mtu wa kushindwa haraka.

"Hata kofia ya kanji husimama," alisema. "Ikibonyezwa je?"

Alichukua mkoba ule, akauweka kwenye kiti. Kisha akaukalia.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Inasemekana mapazia yote yalivutwa ndani. Raniya alifumba macho. Bi Shariffa alimshika mkono Bi Modester, akaubana mpaka pete ikamwingia.

Bi Kazija alikaa. Alijiweka sawa. Akaomba maji, akayanywa kwa utulivu. Kisha akainuka.

Mkoba ulikuwa bapa kama mkate wa ufuta.  Halafu kona moja ikainuka. Kona ya pili ikafuata. Tumbo la mkoba likajaa taratibu, kama mtu anayeamka usingizini na kuvuta pumzi. Satini ikawaka kwenye vitobo, ua moja baada ya jingine. Mkoba ukasimama palepale kwenye kiti.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimwamsha yule jogoo aliyestaafu. Aliwika adhuhuri kavu.

Bi Kazija aliuinua mkoba kwa mikono miwili. Safari hii hakutumia vidole viwili. Aliupeleka kwa Raniya mwenyewe, akamwekea mapajani.

"Shika, mwanangu," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Mama yako amekuja."

Raniya aliweka kiganja chake juu ya maua, akaona hata machozi hayana nafasi, maana uso wote ulikuwa tabasamu.

Kisha Bi Kazija alimvuta Bi Shariffa pembeni. "Sikiza. Wangu utanishonea lini?"

"Panga zamu na wengine, Bi Kazija. Wako foleni nyuma yako."

Ni kweli, walikuwepo. Siku hizi Bi Shariffa hushona kofia asubuhi na mikoba mchana. Bi Modester humchagulia sponji, naye humtobolea Bi Modester viua. Mikoba yao hufuliwa kwa mkono, kwa maji baridi. Hawaikamui. Hujazwa vitambaa vikavu na kuanikwa kivulini, nayo hurudi kusimama. Bwana Suud amenunuliwa godoro jipya, lakini kila akitaka kulala hulipapasa kwanza katikati.

Na zile baraza mbili? Bado zina ubishi. Ila sasa wa juu huteremka chini kubishana, na wa chini hupanda juu, kwa sababu ubishi hauendi bila kahawa. Kila baraza inaapa kuwa watu wake ndio waliomkamata Meneja. Meneja mwenyewe hajatoa tamko. Bado anatafuna.